Kelele za Bujumbura: Kwa nini mwili hauzizoei hata pale sikio linapodhani limezizoea

Kila Jumamosi asubuhi jiji la Bujumbura hupata saa chache za utulivu ambao siku nyingine za juma haupatikani. Ni wakati wa kazi za pamoja za maendeleo, zinazojulikana kwa Kirundi kama ibikorwa rusangi. Raia hushika majembe na mafagio, huzibua mitaro na kufyeka majani kandokando ya njia, na magari yasiyo na ruhusa maalumu hayatembei. Katika saa hizo, mtu aliyesimama katika mtaa wa Nyakabiga au Ngagara husikia mambo ambayo kwa kawaida humezwa: ndege kwenye miembe, ufagio unaokwaruza lami, mtoto anayelia nyumba ya tatu kutoka hapo.

Kisha hufika saa nne na kitu. Barabara hufunguliwa, na baada ya muda mfupi honi za mabasi, injini za bajaji, spika za wauza bidhaa na muziki wa baa huwa vimerudi mahali pake. Wakazi wengi hawashtuki. Jibu la kawaida mitaani ni kwamba mtu akishaishi mjini, huzoea.

Kuzoea huko ndiko kulikochunguzwa na wataalamu wa afya kwa zaidi ya nusu karne, na matokeo yake si ya kufariji. Akili huweza kuizoea kelele kiasi cha kutoitambua tena. Moyo, mishipa ya damu na tezi zinazotoa homoni haviizoei kwa namna hiyo. Mtu anaweza kulala fofofo pembeni mwa barabara, akaamka asubuhi bila kukumbuka hata gari moja, ilhali mwili wake umekesha ukipokea kila mlio kama taarifa ya hatari.

Kila mtaa na saa yake

Kelele za Bujumbura hazitoki mahali pamoja. Buyenzi, mtaa mkongwe ambako Kiswahili husikika zaidi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya nchi, ni makao ya gereji na karakana. Hapo nyundo hugonga bati, mashine za umeme hukata vyuma, na injini zilizofunguliwa hujaribiwa kwa kukanyagwa mafuta hadi mwisho. Gereji hizo hazina eneo lililotengwa mbali na watu: fundi hufanya kazi barabarani, mbele ya mlango ambao nyuma yake kuna mama anayenyonyesha au mzee anayeumwa.

Jirani yake ni Bwiza, mtaa unaosifika kwa baa na nyama choma. Kelele yake huanza pale ya Buyenzi inapopungua. Kamenge na Kinama, upande wa kaskazini, huongeza mikesha ya maombi inayotumia vipaza sauti. Katikati ya mji, kando ya Chaussée Prince Louis Rwagasore, zamu ni ya jenereta: umeme ukikatika, na katika jiji hili hukatika mara nyingi, kila duka lenye uwezo huwasha lake, na ngurumo hizo huungana kuwa moja.

Tukio moja lilibadilisha sana ramani hii. Tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara waliokuwa wamekusanyika sehemu moja walitawanyika kwenye masoko ya mitaani, kama Ruvumera na Jabe, na baadaye katika soko jipya ambalo wenyeji huliita kwa Siyoni. Pamoja na mizigo yao zilihama pia spika zao, wapagazi wao, malori yanayoshusha mchele usiku na mabasi yanayoita abiria kwa honi. Kelele ambayo zamani ilibaki katikati ya mji, mahali ambapo watu wachache hulala, ilisogea hadi kwenye vyumba vya kulala.

Badiliko jingine lilikuja Machi 2022, serikali ilipopiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria kuingia katikati ya jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajali za barabarani, wala kelele haikuwa hoja. Lakini sauti hufuata magurudumu. Pikipiki zilizozuiwa kwenye mpaka wa katikati ya mji hushusha na kupakia abiria kwenye mpaka huo huo, mbele ya nyumba za watu.

Ugumu wa mafuta ya petroli ulioiandama Burundi katika miaka ya hivi karibuni umeleta hali ya ajabu kidogo. Vituo vinapokauka, barabara hunyamaza na foleni za magari yaliyozimwa hujipanga kwa kilomita nzima. Hakuna anayeutamani utulivu wa aina hiyo.

Desibeli si kama kilo

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki huwachanganya wengi kwa sababu hakipandi kama kilo au mita. Sauti ya desibeli 80 si kubwa kidogo tu kuliko ya 77. Nishati yake ni mara mbili. Ongezeko la desibeli 10 ni nishati mara kumi, ingawa sikio huihisi kama sauti iliyokuwa maradufu.

Mnong'ono huwa karibu na desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili huwa karibu na 60. Pikipiki iliyotobolewa bomba la moshi inaweza kuvuka 90 kwa mtu aliye karibu nayo, na mashine ya kukata chuma hufika 100.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa kwa masikio. Ikipanda hadi 90, muda huo hushuka hadi saa nne kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu, kwa wiki nzima. Kijana anayejifunza ufundi katika gereji huweza kuzimaliza dakika hizo 20 Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.

Hayo ni ya masikio. Kwa usingizi, viwango viko chini zaidi. Mwaka 2009 WHO ilipendekeza kwamba kelele ya usiku nje ya nyumba isizidi wastani wa desibeli 40. Mwongozo wake wa mwaka 2018 ulitaja 45 kwa kelele za barabarani wakati wa usiku. Ni kiwango cha mtaa ambamo mtu husikia vyura na hatua za mlinzi anayepita.

Usiku pia una hila yake. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Jua likizama, ardhi na hewa iliyoigusa hupoa kwanza, na sauti huanza kupinda kurudi chini. Ndiyo maana muziki unaopigwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambao saa kumi jioni haukusikika hatua mia tatu kutoka hapo, huweza kusikika waziwazi usiku wa manane katika mitaa iliyo mbali, hata kama mwenye baa hajagusa kitufe chochote. Mlalamikaji husema wameongeza sauti, mwenye baa huapa kwamba hajaongeza, na wote wawili huenda wanasema kweli.

Mwili unaokesha

Sikio halina kope. Jicho hufungwa wakati wa kulala, lakini sikio hubaki wazi, kwa sababu katika historia ndefu ya binadamu aliyesikia hatua za mnyama gizani ndiye aliyepona. Mlio ukiingia, ishara yake hufika kwenye sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na hofu kabla ya akili kupata nafasi ya kuutambua. Mwili hutoa adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo huongezeka, mishipa ya damu hubana. Yote haya hutokea bila mlalaji kuamka.

Kwa usiku mmoja, hakuna madhara makubwa. Tatizo ni usiku wa mia tatu, na wa elfu tatu. Shinikizo la damu ambalo lilipaswa kushuka wakati wa usingizi halishuki ipasavyo. Usingizi mzito, ambamo mwili hujirekebisha na ubongo hupanga kumbukumbu, hukatwa vipandevipande. Mtu huamka amechoka, mwepesi wa hasira, na husingizia malaria au kazi nyingi.

Utafiti wa muda mrefu barani Ulaya umehusisha kelele za barabarani na maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba kwa mishipa ya damu. Ripoti ya WHO ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba Ulaya Magharibi pekee hupoteza angalau miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za magari. Sehemu kubwa zaidi ya hasara hiyo haikutokana na uziwi, ilitokana na kukosa usingizi.

Makadirio hayo yalifanywa katika nchi zenye kuta nene na madirisha ya vioo viwili, ambako ushauri wa kwanza kwa mtu anayesumbuliwa ni afunge dirisha. Bujumbura iko kwenye tambarare ya Imbo, katika kimo cha takriban mita 780 tu juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa joto. Nyumba nyingi za Buyenzi, Bwiza na Kinama zina paa la bati bila dari, na juu ya dirisha huachwa matundu ya kupitisha hewa. Kinachopitisha hewa hupitisha pia sauti. Anayefunga dirisha hulala katika tanuri, na asiyefunga hulala katika baa.

Hapo ndipo kelele inapokuwa suala la kipato. Katika mitaa ya Rohero na Kinindo yenye viwanja vipana, kati ya chumba cha kulala na barabara mara nyingi kuna bustani, ukuta wa uzio na miti. Katika Bwiza kuna ukuta mmoja wa tofali, wakati mwingine unaochangiwa na jirani. Anayemudu kupisha kelele huhama. Anayebaki ndiye asiyekuwa na pa kuhamia, na mara nyingi ndiye yule anayepaswa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta riziki.

Fundi asiyesikia "sh"

Ndani ya kila sikio la binadamu, katika kiungo kilichojizungusha kama konokono, kuna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme kwa ubongo. Mtoto huzaliwa nazo zote. Zikifa, haziotî tena. Binadamu, tofauti na ndege na samaki, hana uwezo wa kuzirudisha.

Kelele kubwa huzichosha kwanza. Fundi anayetoka kazini akisikia mvumo masikioni, kama nyuki waliofungiwa, na ambao hupotea baada ya kulala, amepewa onyo. Onyo likirudiwa kwa miaka, mvumo haupotei tena.

Uziwi wa namna hii huingia kwa ujanja, kwa sababu hauanzi kwa kuondoa sauti zote. Huanza na zile nyembamba za juu. Irabu hubaki, konsonanti kama "s", "f" na "sh" hupotea. Mtu anaposikia bado kwamba anazungumziwa, lakini hawezi kutofautisha "fika" na "shika", hasemi kwamba haisikii. Husema watu wa siku hizi wanaongea kwa kumung'unya. Nyumbani huongeza redio, na kelele ya kazini huwa imehamia kwa jirani.

Vizibo vya masikio na vifuniko vinavyovaliwa kama kofia vipo, na bei yake ni ndogo kuliko ya vifaa vingi vya gereji. Kikwazo ni zaidi ya fedha. Fundi husikiliza injini ili kujua ugonjwa wake, na kuziba masikio kwake ni kama daktari kuvua kipimo cha kifuani. Wanafunzi nao huiga wakubwa wao. Hata hivyo, kazi ya kukata na kugonga bati haihitaji kusikiliza chochote, na hapo ndipo dakika za hatari hukusanyika.

Darasa la lugha nne

Mwaka 1975, watafiti Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha uchunguzi wa shule moja ya New York, Marekani, iliyokuwa kando ya reli ya juu. Watoto waliosomea upande wa reli, ambako mwalimu alilazimika kunyamaza kila treni ilipopita, walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilo hilo, kwa tofauti iliyofikia karibu mwaka mzima kwa madarasa ya juu. Mamlaka za reli ziliweka mipira chini ya vyuma, na madarasa yakapewa dari ya kufyonza sauti. Uchunguzi uliofuata miaka michache baadaye haukuiona tena tofauti hiyo.

Munich, nchini Ujerumani, ulitoa ushahidi wa aina nyingine. Uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa mwaka 1992, watoto waliokuwa wakiishi karibu nao walianza kufanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu na kusoma, huku wale wa karibu na uwanja mpya wakirudi nyuma. Watoto hao walikuwa hai na wazima, hawakuwa viziwi, wala wazazi wao hawakuwa wameona dalili ya ugonjwa.

Kwa Burundi, jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa shule ya msingi hapa hukutana na lugha nne: Kirundi cha nyumbani, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kadiri anavyopanda madarasa, masomo zaidi hufundishwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi hawaisikii nje ya darasa. Mtu anayesikiliza lugha yake mwenyewe huweza kuziba pengo la neno alilolikosa kwa kukisia. Anayesikiliza lugha anayojifunza hana akiba hiyo. Neno likimezwa na honi, limepotea. Tafiti za usikivu zimeonyesha mara nyingi kwamba kelele ile ile humwumiza msikilizaji wa lugha ya pili kuliko mzawa wake.

Ongeza juu ya hapo darasa la watoto wengi lenye paa la bati. Mvua kubwa ya mwezi Machi ikinyesha, mwalimu huacha kusema na kuandika ubaoni, na hilo hakuna wa kulaumiwa. Lakini spika ya duka lililo ng'ambo ya barabara haitoki mawinguni.

Pale kimya kilipokuwa na maana mbaya

Ni rahisi kuuliza kwa nini wakazi hawalalamiki zaidi. Sehemu ya jibu iko katika historia ya jiji lenyewe.

Kwa miaka mingi, usiku wa Bujumbura ulikuwa wa kimya kwa amri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliwafanya watu wajifungie mapema, na marufuku ya kutembea usiku ilikuja kuondolewa Aprili 2006. Muziki uliorejea Bwiza baada ya hapo ulisikika kama habari njema. Kisha ukaja mwaka 2015, wakati wa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza na ghasia zilizofuata. Katika mitaa kama Musaga, Nyakabiga na Cibitoke, baa zilifungwa saa ambazo zamani zilikuwa ndiyo kwanza zinajaa, na sauti zilizobaki usiku zilikuwa za risasi na maguruneti.

Kwa aliyepitia hayo, kelele ya harusi ni uthibitisho kwamba watu wanaoana, na kelele ya baa ni uthibitisho kwamba kuna aliyethubutu kutoka nyumbani. Kumwambia mtu huyo kwamba muziki unamdhuru kunahitaji adabu. Lakini ni mtu huyo huyo ambaye mara nyingi mwili wake hushtuka zaidi bomba la pikipiki linapolipuka nyuma yake, kwa kuwa mwili uliowahi kujifunza kuogopa mlipuko hausahau haraka.

Sehemu nyingine ya jibu ni ujirani. Anayepiga kelele ana jina na ukoo. Ni mwenye baa anayekukopesha hadi mwisho wa mwezi, ni kanisa ambalo dada yako huimba kwaya, ni fundi aliyekutengenezea gari kwa bei ya urafiki. Pengine ni mtu mwenye cheo, na hapo mlalamikaji hupima maneno yake mara mbili. Migogoro kama hii huanzia kwa mkuu wa nyumba kumi au kwa bashingantahe, wazee wenye heshima ambao kwa desturi ya Burundi husuluhisha majirani. Wao huweza kupata maafikiano ambayo polisi hawapati, kwamba muziki upigwe Jumamosi na siyo Jumapili, au kwamba mkesha uendelee bila vipaza sauti. Maafikiano hayo yana udhaifu mmoja: hudumu kadiri nia njema inavyodumu.

Nani anashika kipimo?

Burundi ina Kanuni ya Mazingira iliyotungwa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2021, na ina taasisi ya kulinda mazingira inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa, OBPE. Hata hivyo, kelele ni uchafuzi usioacha alama. Maji machafu huweza kuchukuliwa kwenye chupa na kupelekwa maabara. Muziki wa usiku uliopita, saa mbili asubuhi, haupo tena. Asiyekuwa na kipimo hubaki na neno lake dhidi ya neno la jirani.

Majirani wa Burundi wamejaribu njia tofauti. Kenya, katika kanuni zake za mwaka 2009, iliandika tarakimu: nje ya nyumba katika eneo la makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku. Tarakimu humsaidia mlalamikaji kwa sababu hazijui cheo cha mtu. Lakini kipimo kinahitaji mkono wa kukishika usiku wa manane, na Nairobi iliendelea kusumbuliwa na kelele hadi Gavana Johnson Sakaja alipotangaza, Oktoba 2022, kufuta leseni za klabu za usiku zilizo katika maeneo ya makazi.

Rwanda ilitumia mkono mzito zaidi. Mwaka 2018 mamlaka zilifunga zaidi ya makanisa 700 mjini Kigali, zikitaja usalama wa majengo, usafi na kelele, na misikiti ya Nyarugenge ikatakiwa kuacha kutumia vipaza sauti kwa adhana. Mitaa ilitulia. Wapo waumini waliohisi kwamba kilichonyamazishwa ni zaidi ya sauti, na hisia hiyo ni sehemu ya gharama ambayo serikali yoyote inayofikiria njia hiyo inapaswa kuihesabu.

Yapo pia mambo madogo yasiyohitaji sheria mpya. Spika iliyotundikwa nje ya baa ikielekea barabarani inaweza kugeuzwa ielekee ndani. Wateja, ambao ndio walioilipia, wataendelea kuisikia. Sauti nene za besi ndizo zinazopenya kuta na bati, hivyo kupunguza besi peke yake baada ya saa nne usiku humpa jirani nafuu kubwa kuliko kupunguza muziki wote. Jenereta lililowekwa nyuma ya ukuta wa matofali hupunguza ngurumo yake mtaani, mradi moshi wake upate pa kutokea. Kwa kumbi za muziki, WHO ilitoa kiwango mwaka 2022: wastani usiozidi desibeli 100, na chumba tulivu cha kupumzisha masikio.

Kwa yule asiye na kipimo, wataalamu wa afya kazini hutumia jaribio lisilogharimu kitu. Watu wawili husimama umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa na kuzungumza. Ikiwa mmoja wao analazimika kupaza sauti ili mwenzake amsikie, mahali hapo pengine pamevuka desibeli 85, kiwango ambacho masikio hayapaswi kukaa nacho siku nzima. Katika gereji za Buyenzi, kuna mafundi ambao hawajawahi kuzungumza wakiwa kazini kwa sauti ya kawaida tangu walipokuwa wanafunzi.